Kompyuta za Akina Ingrid

Kijitabu cha mazishi kilikuwa na kurasa nane, na maisha ya Mwalimu Mkamburi yalikuwa kwenye ukurasa wa tatu. Alizaliwa, akasoma, akafundisha Jiografia, akawa mwalimu mkuu wa shule yetu ya wasichana kule Ronge, kisha mstari uliofuata ukasema kwamba mwaka wa elfu mbili na tatu alianza kufundisha katika shule moja ya kibinafsi karibu na Maungu, akaendelea hadi uzee ulipomtoa. Nilisoma mstari huo mara tatu nikiwa kwenye kiti cha plastiki, nusu yangu ndani ya hema na nusu juani. Kati ya mwaka wa tisini na nane na huo wa elfu mbili na tatu hakukuwa na neno. Mwanamke aliyeketi kando yangu, tuliyesoma naye darasa moja, akaniinamia akaninong'oneza, "Wamefanya vizuri kuruka hapo. Marehemu hasemwi vibaya." Nikaitikia kwa kichwa. Nina miaka hamsini, wajukuu wawili, presha, na jina zuri mjini Voi, na nikaitikia kwa kichwa! Nilishtuka mwenyewe jinsi kichwa kilivyoitika upesi, bila hata kuniuliza. Nikajua kwamba nisipouandika mwaka ule sasa, nitazikwa nao.

Mwaka wenyewe ni huo wa tisini na nane. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na kazi yangu ilikuwa kufundisha kompyuta katika chuo cha Bi Zuhura pale Voi. Nasema chuo kwa sababu ndivyo ubao ulivyoandikwa, lakini kilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka lake la leso, chenye feni, mapazia mazito na zulia jekundu. Viatu vilivuliwa mlangoni, maana sote tuliamini, na mimi mwalimu nikiwa wa kwanza, kwamba kompyuta ikiingiwa na vumbi inapata virusi. Kila mashine ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama seti ya makochi ya harusi. Asubuhi, kabla wanafunzi hawajafika, Bi Zuhura alikuwa akiniletea mahamri na mbaazi kwenye sinia, anasimama mlangoni anitazame nikila, asije akasema mtu kwamba binti wa Kitaita alikonda mikononi mwake. Mumewe alikuwa amefariki, biashara ya leso ilikuwa inasuasua, na alikuwa ameweka kila alichokuwa nacho kwenye kile chumba. "Leso zitavaliwa," alikuwa akisema, "lakini hii ndiyo dunia inakokwenda, mwanangu, nasi tusiachwe stesheni."

Mashine zilifika mwezi wa pili, kumi na mbili, kwenye kanta, lori dogo, kutoka Mombasa, zimefungwa mablanketi. Dalali mmoja wa karibu na bandari ndiye aliyemuuzia, kwa bei ambayo Bi Zuhura aliirudia kwa siku mbili kama mtu aliyeokota kitu. Fundi wetu Wekesa, aliyezaliwa kwenye nyumba za reli pale Voi na ambaye mikono yake haikuwahi kukaa bure, alizifungua moja moja akazipuliza ndani. Nikamuuliza vitu vizima namna hii vinauzwaje rahisi. "Hizi ni mashine za ofisi, madam," akasema. "Huko kwa wazungu kompyuta ikimaliza miaka mitatu wanaona imezeeka. Wanabadilisha ofisi nzima siku moja. Zingine wanatupa, zingine zinauzwa kwa kilo kama chuma, zingine zinaingia kontena zinakuja kwetu." Akanionyesha kibodi. Herufi zilizotumiwa sana zilikuwa zimefutika kabisa, na pembeni kulikuwa na herufi tusizozijua, o iliyokatwa na mstari katikati, a yenye kiduara kichwani. "Mtu amekaa hapa akichapa mpaka vidole vikala plastiki," akasema. "Sasa yeye yuko na mpya, sisi tuko na yake, na hakuna mtu analalamika."

Juu ya kila skrini kulikuwa na utepe mweupe wenye jina lililoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: Ingrid, Torben, Birgit, Lone, Aksel, na wengine. Ubavuni kulikuwa na karatasi kubwa yenye maandishi ya lugha ambayo hakuna aliyeijua pale Voi. Bi Zuhura akanipa wembe na mafuta ya taa. "Yabandue haya makaratasi, tusionekane tumenunua mitumba," akasema. Nikayabandua yote kumi na mawili, nikayatupa kwenye ndoo. Majina niliyaacha, kwa sababu wanafunzi walikuwa wameshayapenda. Kufika mwezi wa tatu ungewasikia wakigombana mlangoni huku wanavua viatu: "Leo mimi niko Ingrid!" "Wewe jana ulikuwa Ingrid, kaa Aksel." Aksel hakutakwa na mtu, maana alikuwa anazimika kila stima ikipungua nguvu kidogo. Nilicheka sana mwaka ule, miezi ile ya mwanzo. Naikumbuka sauti yangu ya wakati huo na sijui kama ni yangu.

Mwezi wa tano Mwalimu Mkamburi aliniandikia barua niende Ronge kuzungumza na wasichana wa kidato cha nne juu ya kazi. Yeye ndiye aliyenifundisha Jiografia, na ndiye aliyenifundisha kutosema uongo, kwa fimbo mara moja na kwa macho mara nyingi. Alinipokea kwa chai na kimanga, mseto wetu wa Kitaita wa kuponda, akanizungusha shuleni nione yaliyobadilika, na mwisho akanifungulia chumba kipya. Wazazi walikuwa wamekijenga kwa harambee, akina mama wakibeba mchanga kutoka mtoni kwa migongo yao, mwaka mzima. Ndani kulikuwa na meza kumi na mbili za mbao zilizopigwa vanishi, na juu ya meza hizo hakukuwa na kitu. Wasichana wawili walikuwa wanafagia. Walikuwa wamevua viatu. Nikawauliza kwa nini wamevua viatu kwenye chumba kitupu, mmoja akanijibu kwa adabu, "Ni chumba cha kompyuta, madam. Tunakizoesha."

Ukutani kulikuwa na picha ndani ya fremu, na chini yake barua. Nilisogea nisome kwa sababu tu ya udaku. Ilikuwa picha ya ofisi ya bima ya huko Ulaya, wazungu kumi na wawili wamesimama, kila mmoja nyuma ya kompyuta yake, ameweka mkono juu ya skrini kama mtu anayemuaga ng'ombe. Chini ya kila mmoja liliandikwa jina. Ingrid alikuwa mama mnene mwenye miwani. Torben alikuwa na upara. Aksel alikuwa kijana anayecheka. Barua ilisema, kwa Kiingereza chepesi, kwamba ofisi yao inapata mashine mpya na hizi wanawapa wasichana wa Ronge, na kwamba kila mashine imebandikwa karatasi ya salamu. Nami nilikuwa nimesimama bila viatu kwenye saruji. Zile karatasi nilizikwangua mimi. Ingrid nilikuwa nimemfunika kitambaa jana yake.

Nikageuka. "Mwalimu, hizi kompyuta zitafika lini?" Hakunitazama. Alinyoosha fremu iliyokuwa imenyooka tayari, akasema, "Ziko bandarini, mwanangu. Ni mambo ya ushuru. Zitakuja." Ningemuuliza pale pale. Tulikuwa wawili tu, wasichana wameshatoka na mafagio yao, na neno lilikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikuwa nimeona kwa macho yangu mtu niliyemheshimu kuliko wote akidanganya bila kupepesa, na hasira ya namna hiyo haiulizi maswali. Nikaaga. Kimanga kilinikaa kooni mpaka Mwatate.

Bi Zuhura nilipomwambia alikaa chini, juu ya robota la leso, akashika kifua. "Yarabi. Mali ya watoto wa shule? Humu mwangu?" Akampigia simu dalali mbele yangu. Dalali hakuficha lolote. Alisema aliuziwa na mwalimu mwanamke wa Kitaita, mwenye barua zote na mihuri yote, halali kabisa. Bi Zuhura akaweka simu chini polepole. Wiki hiyo hiyo alirudishia wanafunzi karo yao, mmoja mmoja, akafunga chuo. Tulipokuwa tunafunga mashine kwenye mablanketi yale yale, yeye na mimi na Wekesa, aliniuliza jambo moja tu. "Huyo mwalimu, ulimwuliza mwenyewe?" Nikasema dalali ameshasema yote. "Dalali hasemi, mwanangu," akanijibu. "Dalali huuza." Nilimsikia. Sikumsikiliza.

Mkutano wa wazazi ulifanyika mwezi wa sita kwenye bwalo la shule. Niliomba nafasi ya kusema nikiwa mwanafunzi wa zamani, na mwenyekiti wa halmashauri ya shule, mzee mmoja wa sauti nene aliyependa sana mikutano, akanipa. Nikasimama nikayamwaga: picha, majina, dalali, mihuri. Nilisema vizuri, Mungu anisamehe. Nilisema kwa mpangilio, sauti haikunitetemeka. Kisha mama mmoja wa mbele alisimama, akamgeukia Mwalimu Mkamburi, akajipiga kiunoni kwa kiganja. "Mgongo wangu huu, Mwalimu," akasema. "Mgongo wangu huu!" Akaanza kulia, na wengine wakaanza. Mwenyekiti akatikisa kichwa akasema njia ya mwongo ni fupi, na kwamba mwalimu ajitetee kama ana la kujitetea. Mwalimu alisimama. Alikuwa amevaa ile suti yake ya kijivu ya mikutano. Akawatazama, akanitazama mimi, akasema, "Nipeni mwezi mmoja." Ndiyo hayo tu. Watu walipiga kelele hadi mabati yakalia. Kabla ya wiki kuisha alikuwa amesimamishwa kazi, ameondoka Ronge na masanduku yake kwenye pikapu ya kukodi, na hakuna aliyemsaidia kupakia.

Bi Zuhura alizileta mashine yeye mwenyewe, kwa lori alilolilipia. Alikataa soda, akakataa hata kuketi. Mimi nikaajiriwa na shule nifundishe, maana sasa nilikuwa shujaa na sikuwa na kazi. Hapo ndipo nilipokutana na jambo ambalo, kwa ile kelele yote, hakuna aliyelifikiria: shule haikuwa na stima. Laini ya karibu ilikuwa kule chini barabarani, mbali, na tangu uhuru kila aliyetaka kura alikuwa ameahidi kuipandisha. Kwa hiyo wasichana walivua viatu, wakaketi mbele ya Ingrid na Torben, wakaweka vidole juu ya herufi zilizofutika, na mimi nikasimama mbele nikisema, "Sasa hapa skrini ingewaka." Nilifundisha hivyo wiki nane. Ukitaka kujua aibu ni nini, fundisha kompyuta iliyozimika kwa watoto wanaokuamini.

Mwezi wa nane lori la nguzo lilipanda Ronge. Watu walilikimbilia. Mwenyekiti alipata habari akaja na mbuzi, akapanda juu ya jiwe akatangaza kwamba serikali hatimaye imetukumbuka, na vigelegele vikapigwa. Msimamizi wa wale mafundi wa stima, mtu mrefu mwenye kofia ya njano, hakuwa na haja na hotuba. Aliwapita wote akaja nilipokuwa nimesimama mlangoni pa chumba cha kompyuta. "Namtafuta Bi Mkamburi," akasema. "Mwenye stima. Atie sahihi hapa tuanze kuchimba." Nikamwambia hayupo, amehama. Akasikitika. "Ala! Huyo mama amekuja ofisini kwetu kila Jumatatu tangu mwezi wa pili. Tukamwambia mvua imekata barabara, nguzo hazipiti. Anasema sawa, anarudi Jumatatu nyingine. Wewe ni mtu wake? Basi weka sahihi wewe."

Nilichukua karatasi. Jina lake lilikuwa juu, kwa mashine ya kuchapa. Tarehe ya malipo ilikuwa ya mwezi wa pili, siku nne baada ya ile kanta kufika Voi na mablanketi yake. Chini, mahali pa kueleza stima inakwenda wapi, mtu alikuwa ameandika kwa mwandiko ambao niliujua tangu nikiwa kidato cha kwanza, mwandiko wa ubaoni, uliolala kidogo kulia: chumba cha kompyuta, meza kumi na mbili. Nilishika fremu ya mlango. Aliuza kompyuta kununua stima ya kompyuta. Nilisoma tena, nikidhani nimekosea, kisha nikasoma tena. Nje mwenyekiti alikuwa bado anashukuru serikali. Nikatia sahihi, msimamizi akanipa nakala, nikaikunja nikaitia mkobani, na nikasimama pale huku mbuzi akichinjwa.

Nguzo zilipokwisha kusimama nilimtafuta Mwalimu, nikamkuta Maungu. Alikuwa amepanga chumba kimoja cha mabati karibu na mahali malori yanapoegesha, na mbele yake alikuwa na majiko mawili ya makaa na benchi. Anapikia madereva wali na maharagwe. Mwalimu mkuu. Alikuwa anamimina chai aliponiona, na hakumwaga hata tone. Alimhudumia dereva kwanza, akafuta mikono, akanipakulia sahani kama mgeni yeyote. "Kula kwanza," akasema. Sikuweza kula. Nikaweka karatasi juu ya benchi. Akaisoma.

"Zimefika nguzo?"

"Zimefika, Mwalimu. Zimesimamishwa. Waya umevutwa jana."

"Na zinawaka? Mashine?"

"Zinawaka. Aksel tu ndiye anasumbua."

Alicheka. Alicheka kweli, akafunika mdomo kwa upande wa leso, na kile kicheko kilinichoma kuliko kama angenipiga kofi. Nikamuuliza kwa nini hakusema, siku ile, bwaloni, mbele ya watu wote. "Ningesema nini?" akasema. "Kwamba nimeuza kompyuta nilipie stima? Hao watu wameahidiwa stima tangu mimi ni msichana. Wangenicheka hadi waanguke. Na tazama risiti ina jina la nani. Ombi la shule linataka sahihi ya mwenyekiti, na mwenyekiti angetaka kompyuta mbili zipelekwe kwake kwanza. Basi nikaomba kwa jina langu. Nyumba yangu iko mita hamsini kutoka chumba kile. Ningewaonyesha risiti, wangesema mwizi amejivutia stima nyumbani." Akakoroga maharagwe. "Wale wa ng'ambo waliandika kwamba mwaka ujao kuna ofisi yao nyingine inabadilisha, na wangetutumia za huko. Nikasema hizi nikiziweka kwenye chumba kisicho na stima, kuku watatagia juu yake. Afadhali ziende, zile nyingine zikute waya. Nilitaka wazione nguzo kwanza, halafu niseme. Watu wetu huamini nguzo." Halafu, bila kunitazama: "Ulipokuja siku ile na kuniuliza, nilifikiri utauliza tena. Ungeuliza mara ya pili ningekuambia."

Nililia hapo mbele ya madereva. Nilimwambia nitawaambia watu wote. Nilimwambia Jumapili, kanisani, baada ya ibada, watu wakiwa wamejaa, nitasimama na karatasi mkononi nisome jina lake na tarehe na yale maneno aliyoyaandika, na wataona haya, na atarudi. Aliniangalia kwa yale macho yake ya zamani, ya kukagua kazi ya nyumbani. "Jumapili hii?" akauliza. "Jumapili hii, Mwalimu," nikasema. Akanisindikiza hadi barabarani, akasimama na mimi mpaka gari lilipopatikana.

Jumapili ile kanisa lilijaa hadi nje. Mwenyekiti alisimama wakati wa matangazo, akasema kabla hatujaenda kula kuna mtu lazima tumshukuru, binti yetu aliyefichua wizi, na Mungu akaona unyofu wake akatuletea na stima juu yake. Akaniita mbele. Karatasi ilikuwa mkobani, nimeikunja mara nne. Nikapanda. Mama wa mgongo alikuwa benchi la kwanza, na kabla sijafungua mdomo alipiga kigelegele, wenzake wakaitikia, kikazunguka kanisa zima kikanirudia. Hakuna mtu aliyewahi kunipigia kigelegele kabla ya siku hiyo. Nikaufungua mkoba. Nikaufunga. Nikasema, "Asanteni sana," wakapiga makofi, nikashuka.

Niliposhuka ndipo nilipomwona. Alikuwa benchi la mwisho, karibu na mlango, ndani ya suti ya kijivu. Alikuwa ametoka Maungu alfajiri kuja kusikia.